Mwali Hasemi, Anaandika

Kongosho la ng'ombe halina sura ya kitu cha maana. Mwenye bucha pale Bigwa alinionesha moja asubuhi, baada ya kumsumbua kwa siku kadhaa. Alilichomoa katikati ya matumbo akaliweka juu ya gogo lake la kukatia: kipande cha nyama kirefu, kimepauka, kimejaa vinundu.

"Hiki hatuuzi," alisema. "Tunawatupia mbwa. Wewe unakitakia nini?"

"Nataka kukiona tu."

Akawageukia wateja wake. "Jamani, leo nimepata mteja wa kuangalia."

Walicheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikainama nikakitazama vizuri. Wiki hiyo binti yangu alikuwa amelazwa hospitali mjini. Alikuwa na miaka minane. Kwa muda mrefu alikuwa akinywa maji kama mtu aliyekula chumvi, anakojoa kitandani, anakonda huku anakula, mpaka asubuhi moja akashindwa kuamka na pumzi yake ikawa inanuka kama matunda yaliyooza. Daktari aliniambia kongosho lake limeacha kutengeneza insulini na halitaanza tena. Ni kisukari, alisema, na mtoto atachomwa sindano kila siku ya maisha yake. Mimi shule niliiacha darasa la tano, lakini kuuliza sikuacha. Nilitaka kujua hicho kitu kilichogoma ndani ya mtoto wangu kinafananaje.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kuhama. Nilizaliwa mbali, kwenye nchi ya ukame, na tangu nilipoondoka nyumbani sikuwahi kukaa mahali mpaka watu wakanizoea. Nilikata mkonge, nikapasua mbao, nikashika sururu kwenye reli, nikapakia kabichi Mgeta kwenye malori ya kwenda Dar. Huko Mgeta ndiko nilikompata mama yake. Yeye ndiye mtu pekee aliyefanya nikae. Alifariki mtoto hajaanza shule, na mimi nikabaki na mtoto ambaye kwa kweli hakuwa wangu, maana kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Bibi yake aliniachia kwa sababu Bigwa kulikuwa na shule ya karibu, halafu kwa sababu ya hospitali. Lakini kila nilipopanda mlimani kumsalimu alinikumbusha kupitia kwa mtu, bila ubaya wowote: "Mwambie anatushikia tu."

Hiyo ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Viwanda vya mjini vilikuwa vimeuzwa, vingine vikabaki mabati na popo. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalichipuka kila kona. Kampuni za simu zilikuwa zinagombania kuta za watu kwa matangazo. Nyumba niliyopanga chumba ilipakwa rangi bure upande wa barabarani, na ndani tukabaki na udongo wetu. Mimi nilikuwa nimenunua simu iliyotumika, nikaifungua na kuifunga tena mara nyingi kuliko nilivyoipiga. Sikuwa na mtu wa kumpigia.

Aliyenipa watu ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Siku moja alitukuta wazazi tumekaa kwenye benchi, kila mtu anaangalia miguu yake, akasimama mbele yetu mikono kiunoni.

"Toeni simu," alisema. "Kila mtu aingize namba za wenzake. Na nyie mnaojua wengine walioko mbali, toeni namba zao. Mimi mnaniona mara moja kwa mwezi. Sukari mko nayo kila siku. Ulizaneni."

Ndivyo tulivyoanza. Hakuna aliyekuwa na haja ya jina la mwenzake. Tuliandikana kwa mahali. Kulikuwa na baba wa miwa, mzee mmoja mcheshi aliyefanya kazi kwenye mizani ya shamba la miwa na mwanawe wa mwisho ana kisukari. Na kulikuwa na mama wa Kisaki, ambaye hakuwepo kwenye benchi. Mume wake alikuwa kwenye reli ya kwenda Zambia, na mtoto wao wa kiume alikuwa ameugua miaka mingi kabla ya wangu. Namba yake tulipewa kama mtu anavyopewa namba ya fundi mzuri.

Kila asubuhi ujumbe mmoja ulikuwa unatoka kwa mtu na kwenda kwa wote. Kipimo cha mtoto, alichokula, kiasi cha dawa. Baba wa miwa alikuwa haandiki bila utani: "Mimi nalala kwenye sukari, naamka kwenye sukari, nashinda napima sukari. Mwajiri anipe nini tena?" Mama wa Kisaki aliandika kwa kifupi, herufi zote kubwa, kama telegramu. Mara ya kwanza binti yangu alipoanza kulia ovyo mchana, akanitukana na kutupa kijiko, nilimwandikia mama wa Kisaki kwamba mtoto amekuwa na kiburi. Alijibu: "SIO KIBURI. IMESHUKA. MPE KITU KITAMU SASA HIVI. UTAMGOMBEZA KESHO." Nilikoroga sukari kwenye kikombe, nikamnywesha, akatulia akaniuliza kwa nini kijiko kiko uani.

Majirani wa Bigwa walikuwa watu wema, lakini hawakuamini. Sukari kwao ilikuwa ugonjwa wa wazee wenye gari. Mmoja aliniambia nimemharibu mtoto kwa soda, mwingine akanielekeza kwa mganga huko Kilosa. Nikawa nafunga mlango wakati wa sindano ili wasiulize. Kwa hiyo miaka ile, ukiniuliza niliishi na nani, nitasema niliishi na binti yangu na simu. Mama wa Kisaki sikuwahi kumwona. Sauti yake niliisikia kwa nadra. Lakini nilijua mwanawe amekula nini kila siku, na yeye alijua wangu amelalaje, na sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kunijua hivyo.

Binti yangu alivunja ungo akiwa na miaka kumi na mitatu. Hakuniambia mimi. Alimwambia mwanamke wa chumba cha jirani, na habari ilipanda Mgeta na lori la kurudisha matenga matupu kabla mimi sijajua lolote. Siku chache baadaye mama yake mdogo alishuka akakaa kwenye kiti changu cha pekee.

"Shemeji," alisema, "tumekuja kumchukua mwali."

Nilijua maana yake. Msichana akivunja ungo, anawekwa ndani kwa bibi yake. Haoni jua, haonwi na mwanamume, hasemi. Anafundwa, analishwa, anapakwa mafuta, halafu siku moja anatolewa kwa ngoma. Zamani ilikuwa inachukua miezi. Sasa, kwa sababu ya shule, ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka tu.

"Na sindano?" niliuliza.

"Tuna mikono."

"Shemeji, si mikono tu."

"Basi tufundishe. Sisi si mbumbumbu." Akatazama chumba, kitanda chake kimoja na mkeka wangu, na pazia nililotundika katikati. "Na kuna neno lingine mama kanituma. Akitoka atakuwa mwanamke. Hawezi kurudi kulala chumba kimoja na mwanamume, hata kama ni baba yake. Mama anasema hivi: tukiweza kumwangalia huko juu, atabaki kwetu. Tukishindwa, utarudi naye na hatutasema tena."

Nilikubali, kwa sababu hakukuwa na la kukataa. Lakini ona nilivyowekwa. Ili nibaki na mtoto wangu, ilibidi wao washindwe, na kushindwa kwenye ugonjwa ule kulikuwa na maana moja tu. Jumapili ile kanisani nilipiga magoti na sikujua niombe nini.

Nilipanda nao. Njia ya Mgeta inapanda mpaka masikio yanaziba, na mashamba yamening'inia kama nguo kwenye kamba. Nilimfundisha mama mdogo kuvuta dawa kwenye bomba na kuchoma kwenye tunda bichi la fyulisi, mpaka fyulisi likawa linavuja. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Dawa tuliifukia ndani ya chungu chenye mchanga wenye maji, ingawa baridi ya huko ingetosha.

Bibi yake alikuwa kungwi anayejulikana kwenye mteremko wote. Mimi ni mkwe wake, kwa hiyo alikuwa hanitazami. Alikaa kwenye kigoda kando ya mlango, mgongo kwangu, akaongea na mwanawe huku mimi nimesimama karibu kabisa.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Mwambie nimeitikia."

"Ameitikia," alisema mama mdogo.

"Mwambie mtoto ataingia leo, na akishaingia hatasema na mtu mpaka atoke. Akitaka kitu, atagonga ukuta."

"Anasema atagonga..."

"Nimesikia, shemeji. Muulize mama, sukari ikishuka, mtoto anaweza kushindwa hata kugonga. Wa kwanza kujua ni yeye mwenyewe. Asiposema, nani atajua?"

Kuku akapita kati yetu, bibi akamfukuza.

"Mwambie mwali hasemi. Mila hii sikuianzisha mimi."

Hapo nikatoa simu niliyomletea mtoto. Nilikuwa nimeihangaikia kwa fundi mmoja mjini, ilikuwa nzee, vitufe vyake vimefutika, lakini ilikuwa inaandika. Nikasema kwamba haitalia, nimeizima sauti. Kwamba mtoto atakuwa ananiandikia kipimo chake na anavyojisikia, nami nitamwandikia, na wazazi wenzangu wanaojua watamwandikia.

"Kwa hiyo inasema," alisema bibi.

"Hasemi, mama. Anaandika."

Nikasahau kupitisha kwa shemeji. Bibi naye akasahau kunikemea. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikamwekea simu kiganjani, akaipindua, akaibonya, akaisogeza sikioni.

"Kweli haina sauti," alisema hatimaye. "Basi kuandika si kusema. Ila mwambie mtoto asiniandikie mimi, sijui kusoma. Ataandika mpaka azeeke."

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Binti yangu aliingia mlango ule jioni, ameinamishwa kichwa chini ya kanga, na mimi nikashuka na lori la karoti.

Chumba kile cha Bigwa sijawahi kukiona kikubwa kama siku zile alipokuwa hayupo. Nilikuwa napakua mizigo stendi asubuhi, mchana narudi, nakaa kwenye kitanda chake na simu mkononi. Mtandao kwenye nyumba ya bibi ulikuwa unapatikana sehemu moja, kwenye uwazi chini ya paa, na binti yangu alikuwa anasimama juu ya kinu kilichopinduliwa na kuinua simu mpaka ujumbe utoke. Betri ikiisha, mama mdogo alikuwa anaipeleka kwa mwenye duka lenye umeme wa jua, kule malori yanakopakilia, na siku hiyo nzima sikuwa na habari.

Ajabu ni kwamba aliandika kuliko alivyowahi kunisemesha. Tulipokuwa pamoja tulikuwa tunaongea sukari tu. Umekula? Umepima? Sasa aliandika: "Baba ni giza lakini unazoea." Aliandika: "Bibi anakoroma kama lori." Aliandika kwamba anasikia watu wakipita njiani na sasa anawajua kwa nyayo. Aliuliza kama ni kweli mama yake aliwekwa kwenye chumba hicho hicho. Nilikuwa sijui. Nilimwambia amuulize bibi akitoka, nikatembea mpaka mtoni na kurudi.

Wiki ya pili kipimo kikapanda. Kumi na tisa, ishirini na mbili, siku moja kifaa kikaandika tu kwamba kimezidiwa. Niliuliza wanampa nini. "Kila kitu," aliandika. "Bibi anasema mwali mwembamba ni aibu ya nyumba." Alikuwa akiletewa ugali kama kichuguu, na ndizi, na viazi vya siagi, na haruhusiwi kubakisha wala kutembea.

Niliwaandikia wote. Baba wa miwa akajibu: "Mwambie bibi huyo aje anilishe mimi." Mama wa Kisaki hakuwajibu wote. Aliniandikia mimi: "NIPE NAMBA YA MAMA MDOGO." Sijui walisema nini. Mama mdogo aliniambia baadaye kwamba yule mama alimpigia akiwa kwenye foleni ya maji, na hakusema bibi aambiwe apunguze chakula, kwa sababu alijua hatapunguza. Aliuliza mwali anafundwa kucheza? Anafundwa. Anafundwa kutwanga? Anafundwa. Basi afundwe kabla ya kula na baada ya kula. Na ugali upunguzwe kidogo, maharage na mboga zijae sahani. Mlima wa chakula ubaki vile vile. Kipimo kikashuka. Bibi akamsifu mwali kwa bidii ya kutwanga.

Halafu ujumbe wake kwangu ukaanza kupungua. Namba tu: nane, kumi, saba. Niliandika maneno mengi, likarudi moja. Nilidhani ni betri. Nilidhani ni bibi. Mwishowe nikamuuliza mama wa Kisaki kama ana habari, na akachelewa kidogo kujibu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"ANANIANDIKIA MIMI," alisema. "MAMBO YA KIKE. SUKARI INAPANDA SIKU ZIKIKARIBIA. HAWEZI KUMWAMBIA BABA. USIJISIKIE VIBAYA."

Sikujisikia vibaya. Nilifurahi kwamba ana wa kumuuliza, na jambo hilo la sukari na siku za mwezi mimi nilikuwa silijui kabisa; ningeulizwa ningejibu ujinga. Lakini nilikaa na simu ile mapajani mchana wote, nikaifungua nyuma, nikaisafisha vitufe kimoja kimoja kwa pamba ya sindano zake.

Siku ya kumtoa nilipanda Mgeta nimevaa shati la kanisani. Watu walikuwa wamejaa uwanjani kwa bibi na kwenye vijia vyote vya juu, kwa sababu huko, ukikosa nafasi chini, unasimama shambani kwa mtu na kuangalia kama uko ghorofani. Baba anaruhusiwa kuwepo, ila nyuma. Kuna utaratibu. Mwali hubebwa begani na mjomba wake, amefunikwa kichwa, macho chini. Mtu anayetaka kumtuza hupaza sauti, "Mshusheni!" na mwali hushushwa mbele yake apewe kitambaa, au sahani, au kuku. Wanaanza wajomba, kisha ukoo wote. Baba wa mtoto ni mgeni, hutuza mwisho.

Nilikuwa sijamwona kwa mwezi mzima. Alipotokea begani kwa mjomba, jua la mlimani limempiga kwenye mafuta aliyopakwa, nilidhani wamekosea mtoto. Alikuwa mkubwa. Alikuwa amenenepa, na shingo yake imekuwa ya mama yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Ngoma zikamzunguka, akazungushwa uwanja mzima, na mama mmoja aliyesimama mbele yangu akamshika mwenzake.

"Mwangalie anavyotetemeka! Mwali ana haya huyo!"

"Kafundwa. Bibi yake hafanyi mchezo."

"Hata jasho linamtoka kwa haya."

Nikatazama. Mikono yake ilikuwa juu ya kichwa cha mjomba, na vidole vilikuwa vinacheza. Si kwa ngoma. Ngoma ilikuwa inakwenda kivyake na vidole vilikuwa vinakwenda kivyao. Jasho lilikuwa linamchuruzika kwenye kidevu, na kulikuwa na upepo wa baridi. Kichwa chake kiliinama chini, kikainama zaidi. Kila alama iliyonitisha, watu waliokuwa wananizunguka walikuwa wanaishangilia. Kunyamaza, kuinama, kutetemeka, macho mazito: ndivyo mwali mwema anavyotakiwa kuwa.

Nilimpigia mama mdogo. Nilimwona ng'ambo ya uwanja anapiga vigelegele, simu imefungwa kwenye pindo la kanga yake, haisikiki. Bila kufikiri nikampigia mama wa Kisaki.

"Yuko juu begani," nilisema. "Anatetemeka."

"Amekula?"

"Sijui."

"Sasa unanipigia mimi nikiwa Kisaki? Nenda!"

Ndiyo mara ya kwanza kunifokea kwa sauti. Nikapenya. Pembeni kulikuwa na mama anauza soda kwenye ndoo ya maji. Nikachomoa moja nikiwa nakimbia, nikasikia matusi nyuma yangu. Nilipofika kwenye duara wakanizuia.

"Wewe ni baba. Ngoja zamu yako."

"Mshusheni!" nikapiga kelele.

Ngoma zikasitasita. Wajomba walikuwa hawajamaliza hata kutuza. Mtu akazomea. "Baba ana haraka! Amemletea nini?"

"Soda!" alisema mwingine, na uwanja mzima ukaangua kicheko. "Mwali anatuzwa soda!"

"Mshusheni, namtuza!"

Lakini neno nilikuwa nimelitamka, na kwenye utaratibu wao neno likitamkwa, mwali hushushwa. Mjomba, huku ananikunjia uso, akapiga goti. Binti yangu aliteleza kutoka begani kama gunia, nikamdaka. Macho yake yalikuwa wazi na hayanioni. Nikang'oa kizibo kwa meno, nikamwinua kidevu, nikamtilia kidogo mdomoni, ikamwagika, nikatia tena. Hapo kicheko kikaisha.

Bibi yake alifika akisukuma watu. Akanitazama usoni. Miaka yote ile sikuwahi kuyaona macho yake.

"Sukari?"

"Imeshuka, mama."

Aliketi chini, kwenye vumbi, na nguo zake za sherehe. Akakichukua kichwa cha mjukuu wake akakiweka mapajani na kunipokonya chupa. "Meza," alimwambia. "Meza, mama yangu." Alimnywesha taratibu, kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo. Halafu akainua uso. "Na nyie wa ngoma, nani kawaambia mnyamaze?"

Ngoma zikaanza tena, na nyuma ya kelele hiyo, bila watu kumtazama sana, rangi ikamrudia. Vidole vikatulia. Akaninong'oneza kitu nisichokisikia. Baada ya muda mjomba akambeba tena, na wajomba wakaendelea pale walipokatizwa. Mimi nilipigwa faini ya jogoo kwa kuruka zamu.

Jioni tulikaa jikoni. Mama mdogo alikuwa analia. Alikuwa amemchoma sindano alfajiri, kipimo kamili, maana tulikuwa tumemwambia asiruke hata siku moja, na uji ulikuwa umepikwa. Lakini wanawake wa ngoma walifika mapema, mwali akavishwa, na uji ukabaki kwenye sufuria. Ulikuwa pale bado, umeganda.

Bibi hakuwa amenigeuzia mgongo. Nadhani alikuwa amechoka.

"Tulisema tukishindwa utamchukua," alisema. "Tumeshindwa. Mchukue."

Nilikuwa na haki yangu mkononi. Sikuwa hata na haja ya kufungua mdomo. Nikamtazama binti yangu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, kanga mpya begani, anakula kiazi.

"Mimi niliuona ule uji," alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kutotumika. "Na nilijua inashuka. Nilijua mapema. Nikanyamaza kwa sababu mwali hasemi. Mama wa Kisaki aliniambia nikijua, niseme, hata wakinicheka. Safari nyingine nitasema."

"Ipo safari nyingine?" niliuliza.

"Baba, nabaki."

Mama mdogo aliacha kulia.

"Siyo kwamba kule kubaya," binti yangu alisema. Alitafuta maneno, kama anayeyabonya. "Kule tuko wawili. Huku kuna watu."

Ningeweza kumjibu mengi. Ningeweza kumhesabia asubuhi zetu zote. Nikamuuliza kama dawa iliyobaki inatosha mpaka kliniki, akasema inatosha. Nikamwomba mama mdogo simu yake, nikamwingizia namba ya muuguzi, ya baba wa miwa na za wengine.

"Asubuhi usiniandikie," binti yangu aliniambia nilipokuwa naaga. "Tutakuwa bondeni kwenye shamba, hakuna mtandao. Nitakuandikia mimi."

Nilirudi Bigwa nikakaa kidogo, halafu nikaacha chumba. Zamani nilikuwa nikitoka mahali sichagui pa kwenda. Safari hii kila kazi niliyoambiwa niliuliza kwanza kama kuna mnara wa simu, na watu wakadhani nina biashara kubwa. Walipotafuta vibarua wa kufyeka kando ya reli huko Kisaki, sikuwa na haja ya kuuliza kama mnara upo. Nikaenda.

Nyumba yao haikuwa mbali na stesheni. Mama wa Kisaki alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani, mkubwa kwangu kwa umri. Nilimpa shikamoo na wote wawili tukaona haya. Mume wake alinikaribisha vizuri, akauliza habari za barabara. Mtoto wao wa kiume alikuwa kijana mrefu anayefanana na picha niliyojichorea, isipokuwa masikio. Tukaletewa chai isiyo na sukari. Nilijua mambo ya nyumba ile kuliko ndugu zao, nilijua siku mtoto alipozimia shuleni na siku mama alipolia, na sasa nilikuwa nimekaa mbele yake kama mgeni.

"Karibu sana," alisema.

"Nimekaribia."

"Mvua zimenyesha huko?"

"Zimenyesha."

Mume alitoka kuangalia treni ya mizigo. Tukasikiliza inavyopita mpaka behewa la mwisho. Kisha simu yangu ikatetemeka mfukoni, na papo hapo yake ikatetemeka juu ya meza. Tulizichukua pamoja.

"Sita nukta mbili," binti yangu alikuwa ameandika, kwetu sote wawili. "Nimekula viazi na kunde. Huku baridi."

Mama wa Kisaki alisogeza miwani. Mimi nikaanza kutafuta herufi, na kabla sijamaliza neno la kwanza, yeye alikuwa amekwisha kumjibu.